Cinderella Aliyenyimwa Machozi



Wapendwa wasomaji wa tafakari yetu ya kila juma, leo tutayaacha kando masomo ya Dominika na kuzungumza juu ya kitabu cha hadithi. Binti mmoja wa sekondari, ambaye mama yake tulimzika miezi michache iliyopita, alitujia baada ya Misa akiwa na riwaya ya Kiingereza iliyochakaa kwa kuazimwa. Akatuambia: “Baba Paroko, huyu msichana halii hata afiwe. Nami natamani niwe hivyo.” Tuliiazima, tukaisoma kwa siku tatu, tukaimaliza tukiwa na hasira. Ruhusa yake ya kuyasema haya tunayo.

Riwaya hiyo yaitwa Cinder. Ni kazi ya Marissa Meyer wa Marekani, ilitoka mwaka 2012, na humo ngano ya Cinderella imehamishiwa katika mji wa New Beijing wa zama zijazo. Shujaa wake ni fundi wa mitambo, nusu mtu nusu mashine. Mintarafu ubunifu hatuna ugomvi na mwandishi: boga limekuwa gari bovu la rangi ya chungwa, na kiatu kimekuwa mguu wa chuma unaochomoka kwenye ngazi za ikulu. Tulicheka peke yetu sebuleni. Ugomvi wetu ni juu ya msiba.

Katika mji huo kuna tauni. Peony, binti mdogo wa mama wa kambo na mtu pekee wa nyumba ile anayempenda Cinder kwa dhati, anaambukizwa, anachukuliwa karantini na kufa. Cinder anafika na dawa akiwa amechelewa. Hapo tulitulia, tukasubiri. Lakini mwandishi alikwisha kuamua tangu mwanzo kwamba mwili wa shujaa wake hauna namna ya kutoa machozi, na uamuzi huo ukawa mlango wa kutorokea. Kurasa chache za uchungu, kisha hadithi inakimbilia siri za malkia wa mwezini, njama, na karamu ya dansi. Tulijiuliza: lau Peony angepona, ni jambo gani kubwa katika sura za mwisho lingebadilika? Hatukuliona. Cinder anakwenda ikulu kwa sababu maisha ya mwana wa mfalme yamo hatarini. Marehemu amekwisha kufanya kazi yake katika hadithi, akaondolewa jukwaani.

Linalotuumiza zaidi ni gauni. Cinder anakwenda kwenye dansi amevaa gauni la Peony, lile ambalo marehemu alikuwa ameliotea ndoto. Ni nani aliyepata kuvaa kanga ya marehemu dada yake asijue uzito wake begani? Harufu tu ya nguo yaweza kumkalisha mtu chini. Humu, gauni linapofika ikulu, aibu ya kulowa mvua na kukunjamana mbele ya wageni inasikika kuliko mwenye gauni.

Tutaambiwa: Baba, hiyo ni ngano tu, ya kufurahisha vijana. Basi na tuirudie ngano yenyewe. Charles Perrault wa Ufaransa, aliyeiandika mwaka 1697, naye alimpita mama marehemu kwa maneno machache, akamleta mama wa ubatizo mwenye miujiza. Lakini ndugu Grimm wa Ujerumani, waliotoa mkusanyo wao wa kwanza mwaka 1812, waliianza ngano hii kitandani pa mama anayekufa. Mama anamwasa binti awe mwema na mcha Mungu, kisha anafumba macho. Binti anakwenda kaburini kila siku, analia. Theluji inalifunika kaburi, theluji inayeyuka, baba anaoa tena, naye bado anakwenda. Baba anaposafiri, wale wa kambo wanaagiza nguo na vito. Yeye anaomba kitawi cha kwanza kitakachogusa kofia ya baba njiani. Anakipanda kaburini, na kinamea kwa kunyeshewa machozi yake. Mara tatu kwa siku anakwenda chini ya mti ule kulia na kusali. Na gauni la dansi linatoka wapi? Linatoka mtini, juu ya kaburi la mama.

Wazee hao, ambao hata hivyo hawakuwa Wakatoliki, walijua walichokiandika: mkubwa wao alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka 11. Katika ngano yao kila jema linalompata binti limeota katika kilio chake. Mwandishi wa leo amekifyeka kilio, akabakiza dansi.

Hata hivyo, ndugu zangu, hasira yetu haikuishia kwa Bi Meyer. Yule binti hakujifunza kitabuni kutamani ukavu wa macho. Alifundishwa nyumbani, tena siku ya mazishi, na sisi tulikuwapo. “Nyamaza, jikaze, wewe sasa ndiye mama wa wadogo zako.” Tulisikia, na hatukumkatiza aliyesema. Matanga yalipokwisha akarudi shule, na walimu wakamsifu kwa ujasiri.

Tukakumbuka Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kitabu cha tisa. Monika alipokata roho kule Ostia mwaka 387, mjukuu wake Adeodatus alipasua kilio, na watu wazima wote waliokuwapo, Augustino akiwamo, wakamnyamazisha. Augustino naye akajizuia hata kaburini. Akaenda kuoga, akidhani maji yatamwondolea huzuni, hayakumwondolea. Alilala, akaamka, na alipokuwa peke yake kitandani mbele ya Mungu ndipo machozi yakamtoka, naye anamwomba msomaji asimcheke kwa hilo. Askofu na mwalimu wa Kanisa aliona inafaa kuyaandika hayo. Na Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, hali akijua atamfufua muda si mrefu.

Kitabu tumekwisha kumrudishia mwenyewe, tukakifuatanisha na ngano ya ndugu Grimm tuliyomfasiria kwa mkono, kurasa nne. Aliisoma pale pale kwenye benchi la nje ya ofisi, akafika penye mti, akaufunika uso kwa daftari. Katibu wetu alisogea kumwambia anyamaze, tukamwashiria amwache. Misa ya Jumamosi asubuhi ni kwa nia ya mama yake.