Orodha ya Hati Ibandikwe Mlangoni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze taabu itupatayo sisi wakazi wa Ankoro, hapa Kongo, mto Luvua unapoingia Lualaba, kila mmoja wetu anapoazimia kujenga nyumba ya kudumu na kwenda kutaka ruhusa ya serikali kama sheria inavyomlazimu.

Hatuilalamikii ruhusa yenyewe, wala ada yake, maana viwanja visivyo na mipaka huzaa fitina. Tunalalamika kwamba raia haelezwi tangu awali ni habari zipi za kiwanja chake azikusanye. Huenda na barua ya chifu, akaambiwa alete mchoro wa mpima ardhi. Akiupata mchoro, huulizwa mkataba wa serikali. Na mkataba ukisha kupatikana, hudaiwa cheti cha usajili. Kila hati hutajwa peke yake, na kila moja ina nauli yake. Jirani yangu amerundika matofali ya kuchoma, akayafunika kwa nyasi. Masika yamepita juu yake, na yale ya pembeni, ambayo moto haukuyaivisha vema, yamekwisha kumeguka, hali yeye angali akitafuta saini ya mtu aliyepakana naye upande wa mtoni, aliyehama zamani wakati wa vita.

Na hapo ndipo penye uchungu. Novemba 2002 nyumba kwa maelfu ziliteketezwa Ankoro, na karatasi zilizokuwamo zikateketea pamoja nazo. Kadhalika, sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, iliahidi katika kifungu cha 389 amri ya Rais ya kuratibu haki za wanaokalia ardhi kwa mila. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo, na wazee wetu wakabaki na haki isiyo na ithibati ila vinywa vya mashahidi, ambao nao wanakufa.

Basi twawaomba wenye mamlaka wabandike mlangoni pa ofisi yao, kwa Kiswahili, orodha kamili ya hati zitakiwazo, nani huzitoa na kwa ada gani. Na kwa waliounguliwa, ushahidi wa chifu na majirani uandikwe mbele ya mpima ardhi, akiwa amesimama kwenye kiwanja chenyewe, kisha upokewe kama hati.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ankoro