Rehema na Watu wa Songwe

Wako wasomi wanaodai kwamba Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyotolewa mwaka 1976, ni habari ya Unguja tu, na kwamba mwanafunzi wa Njisi, wilayani Kyela, haimhusu ndewe wala sikio. Dai hilo tunalipinga.

Tukumbuke kisa chenyewe. Fuad, mtu wa nasaba ya Kiarabu, anazaliwa binti na mkewe Aziza. Mtoto anatoka na sura ya Kiafrika, baba akaingiwa na shaka. Mama anafariki, na Rehema analelewa katika nyumba isiyomtaka hata akaikimbia. Anayemsitiri ni Sulubu, mkulima asiye na nasaba ya kujivunia. Lakini kitabu hakikomei kwenye rangi. Kinafika shambani: nani ana haki ya kulima pale, na nani aondolewe.

Watatujibu kuwa Unguja ina historia yake. Ni kweli, utumwa ulipigwa marufuku huko mwaka 1897, na dharau yake ikabaki majumbani. Je, sisi wa bara tu wasafi?

Mto Songwe ulifanywa mpaka na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Huku wako Wanyakyusa, na ng'ambo, Karonga, wako Wangonde. Husikilizana bila mkalimani na huoana. Mto wenyewe hautulii. Mafuriko huuhamisha, na shamba lililokuwa huku likajikuta kule. Wakubwa wale waliweka mpaka juu ya kitu kinachotembea!

Kwa mila ya Kinyakyusa, mtoto alikuwa wa ukoo uliomtolea mama yake ng'ombe. Hakupimwa kwa ngozi wala kwa ukingo wa mto. Tusiisifu kupita kiasi mila hiyo, kwani ambaye ng'ombe hawakutolewa alihesabiwa wa ukoo wa mama, hata kama baba alijulikana na kila mtu. Ila angalau kanuni ilijulikana mapema. Siku hizi mtu hupalilia mpunga pamoja na ndugu zake miaka ishirini asiulizwe neno. Mzee akifa na kuacha majaruba na mikakao, ndipo inapokumbukwa kwamba mama yake alitoka ng'ambo.

Mwalimu anayeandika ubaoni "dhamira: ubaguzi wa rangi", kisha akafuta, amemnyima mwanafunzi nusu ya kitabu. Kijana huyo atafaulu mtihani, naye wakati wa likizo ataketi katika kikao cha ukoo, amwite binamu yake Mmalawi, wala asimtambue Rehema aliyeketi mbele yake.

Tunataka darasa liulizwe swali jingine, na lijibu kwa kurasa za kitabu na kwa mambo ya nyumbani kwao pia: pale nasaba ya Rehema ilipotiliwa shaka, ni nani aliyetazamia kupata mali?