Kazi Nyingi na Raha ya Roho



Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya neno moja nilisikialo karibu katika kila nyumba niingiayo, nalo ni hili: "Sina nafasi." Mkulima hulisema wakati wa palizi, fundi cherehani hulisema sikukuu zikikaribia, kijana wa bodaboda hulisema mwaka mzima. Wote hunena mamoja, ya kwamba watasali vema nafasi itakapopatikana. Lakini nafasi hiyo ni kama kivuli cha mtu aendaye magharibi asubuhi. Akiharakisha mwendo, nacho chaharakisha mbele yake.

Siwasemi wavivu. Wavivu wana mafundisho yao, nao huyaruka wakisoma. Nawasema watu wema ambao kazi zao ni za haki, tena za lazima, maana watoto wanakula kwa kazi hizo. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa kushona hema. Alipofika Korintho alikaa kwa Akwila na Priskila, akafanya kazi pamoja nao. Basi kazi si adui wa sala, wala Mungu hakutuumba na mikono ili aione haya.

Katika mtaa wetu yuko mama mjane auzaye chakula karibu na stendi ya mabasi. Huamka saa tisa za usiku, akawasha moto, akachemsha maharage na kukanda unga wa maandazi. Hata jua likichwa bado yu katika kuosha masufuria. Siku moja baada ya ibada aliniambia, "Mwalimu, mimi nimekwisha kuacha sala. Si kwa ukaidi. Kila nipigapo magoti usiku, usingizi hunichukua kabla sijafika Amina, nami huamka shingo ikiniuma. Nafikiri Mungu amechoka nami." Aliyasema hayo pasipo kulia, kama mtu atoaye habari ya deni lisilolipika tena. Hapo nilimwogopea, maana mtu aliaye bado anatumaini, bali huyu alikuwa amekwisha kufunga hesabu.

Naona mama huyu alichanganya mambo mawili. Mwili wake ulikuwa umechoka, naye akadhani ni roho iliyokufa. Kuchoka si dhambi. Mkumbukeni nabii Elia alipomkimbia malkia Yezabeli: alikwenda mwendo wa siku nzima jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe, akalala usingizi. Je, Mungu alifanya nini? Hakumpelekea karipio, wala hakumwuliza mbona hajasali sala za jioni. Alimpelekea malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Na malaika akamwamsha mara ya pili ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Ndipo akaenda siku 40 mpaka mlima Horebu, na huko akaisikia ile sauti ya upole ya Mungu. Mkate ulitangulia, na usingizi ulitangulia. Sauti ikaja baadaye.

Basi nikamwambia mama yule, "Usiku ufanye ishara ya msalaba, useme Baba Yetu moja ukiwa umeketi, ulale. Sala yako kubwa tutaitafutia saa nyingine." Bibi mmoja mzee aliyekuwa karibu hakupendezwa, akanung'unika ya kwamba walimu wa siku hizi huwafundisha watu kulala. Lakini na asome Kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19, kisha anijibu.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo, maana kulala si kusali. Mchana mrefu wa kazi tuufanyeje? Ndipo ninapokumbuka habari za mpishi mmoja wa zamani.

Mpishi huyo aliitwa Nicolas Herman, mtu wa Lorraine, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Alizaliwa karibu mwaka 1614, nyumba yao maskini. Alipokuwa kijana wa miaka 18, wakati wa baridi, aliuona mti uliopukutika majani yote. Akafikiri moyoni kwamba baada ya kitambo majani yatachipuka tena, kisha maua, kisha matunda. Fikira hiyo ilimtia imani kubwa juu ya maongozi ya Mungu, wala haikumtoka maisha yake yote. Akawa askari katika vita, akajeruhiwa. Kisha akawa mtumishi wa bwana mmoja, naye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa mzito wa mikono, akivunja kila kitu. Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akapewa jina la Laurent wa Ufufuko. Hakuwa na elimu ya kumfanya padre, basi wakampa jiko.

Sasa lipo jambo ambalo nawaomba mlisikilize vema, hasa ninyi mnaoichukia kazi yenu. Bruda Laurent hakuipenda kazi ya jikoni. Kwa tabia yake ilimchukiza sana. Naye alikaa nayo miaka kama 15. Hakungoja apewe kazi nyingine ndipo amkaribie Mungu. Namna yake ilikuwa hivi: kabla ya kuanza, alimwomba Mungu akae pamoja naye katika kazi ile. Katikati ya kazi alisema na Mungu kwa maneno machache ya moyoni, kama tusemavyo na mtu aliye chumba kimoja nasi, pasipo kuacha kilicho mkononi. Akiisha kumaliza, alijihoji ametendaje. Akiona ametenda vema, alishukuru. Akiona vibaya, aliomba msamaha, wala hakuketi kujisumbua, bali alirudi mahali pake mbele ya Mungu kana kwamba hakuondoka. Hata yai katika kikaango aliligeuza kwa ajili ya kumpenda Mungu, na likiiva, asipokuwa na shughuli nyingine, alisujudu akamwabudu, kisha akainuka.

Mara alitumwa Burgundy kununua mvinyo wa nyumba yao. Biashara hakuijua, tena alikuwa kilema wa mguu, hata chomboni hakuweza kwenda huku na huku ila kwa kujivingirisha juu ya mapipa. Akamwambia Mungu kwamba kazi hii ni yako, si yangu. Na mambo yakaenda vizuri. Nacheka nikimfikiri mtu wa Mungu akivingirika juu ya mapipa, lakini nadhani hata yeye alicheka. Baadaye aliondolewa jikoni, akawekwa kushona viatu vya ndugu zake. Alikufa tarehe 12 Februari 1691, na mwaka uliofuata padre mmoja, Joseph de Beaufort, alianza kuyapiga chapa maandiko yake, nayo yanasomwa hata leo, na Wakatoliki na Waprotestanti pia.

Wala msidhani alifika hapo kwa wepesi. Alisema mwenyewe kwamba miaka 10 ya kwanza aliteseka sana moyoni. Sipendi kulificha jambo hili, maana wengine hulipita upesi, na msomaji hujaribu siku tatu, akaona moyo wake ungali ukitangatanga kati ya bei ya sukari na ada ya shule, akasema, dawa hii si yangu. Miaka 10, ndugu. Moyo ni kama mbuzi aliyezoea kula shamba la jirani. Humrudishi mara moja, humrudisha kila siku, wala humpigi hata afe kwa kuwa ametoka.

Na dereva je? Dereva na ayaweke macho yake barabarani. Kwake yeye, kumpenda Mungu ni kuangalia njia na kuwafikisha abiria salama. Asifumbe macho kwa ibada.

Labda mtu atasema, "Huyo alikuwa mtawa, amezungukwa na watawa wenzake, mimi nina bwana mkali asiyetaka kusikia jina la Mungu." Neno lake ni kweli, nami sitalidharau. Huyo na amtazame Mwenye heri Isidore Bakanja wa Kongo. Alikuwa msaidizi wa mwashi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, kisha akawa mtumishi wa nyumbani wa wakala wa kampuni ya Wazungu. Huko Ikili alikopelekwa hapakuwa na kanisa wala padre. Alikuwa na rozari yake, na skapulari ya Mama wa Mlima Karmeli shingoni, akawafundisha wenzake sala. Msimamizi wa mahali pale alimwamuru aivue skapulari. Alipokataa, alipigwa kiboko mpaka mgongo wake ukawa kidonda kisichopona. Alisamehe, akafa tarehe 15 Agosti 1909, na mwaka 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akamtangaza kuwa Mwenye heri. Simwambii mtu atafute kiboko. Nasema tu kwamba kijana yule alikuwa na kazi ya mchana kutwa na bwana mbaya, naye hakukosa mahali pa kukaa na Mungu.

Kwa sisi wenye moyo mdogo, Kanisa limeweka msaada, nao ni sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni. Haichukui hata dakika tatu. Zamani kengele ya misheni ilisikika mashambani, na watu wakasimamisha majembe. Leo katika miji kengele haishindi kelele za magari na redio. Lakini karibu kila mtu ana simu, na simu ijuayo kukuamsha saa kumi na moja yajua pia kukuita saa sita. Mama muuza chakula saa sita hana nafasi hata ya kujifuta jasho. Yeye tulimchagulia saa nne asubuhi, wateja wa chai wakiisha kuondoka na wa mchana wakiwa hawajafika. Anasema sala yake akichambua mchele. Haianguki chini kwa sababu ya mchele.

Limebaki neno la Dominika, na hapa nitasema kwa nguvu kidogo, maana twajidanganya. Mwaka 321 Kaisari Konstantini aliagiza mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya Jua, akawaruhusu wakulima kuendelea, kwa kuwa mvua haingoji mtu. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa 13, alipowatetea wafanya kazi wa viwandani, alikumbusha kwamba pumziko la Dominika ni haki yao, wala si pumziko la kukaa bure, bali la kumrudia Mungu. Na zamani kuliko hao wote, Musa katika Kumbukumbu la Torati aliweka sababu ambayo wengi wetu hatuitaji: mtumishi mwanamume na mtumishi mwanamke wapumzike kama wewe.

Basi katika nyumba zetu ni nani apumzikaye? Baba hurudi kutoka Misa, akavua viatu, akaketi barazani na wageni wake. Mama hurudi kutoka Misa hiyo hiyo, akafunga kanga kiunoni, na siku ya pumziko huwa ndiyo siku ya masufuria makubwa kuliko zote. Na yule binti mliyemtoa kijijini awalelee watoto hakwenda Misa hata kidogo, alibaki kulinda nyumba. Hilo si pumziko la Dominika. Ni kumtwika mwingine mzigo wako, kisha kumshukuru Mungu kwa wepesi wa mabega. Mababa, chakula cha Dominika na kiwe chepesi, au kipikwe Jumamosi, na wavulana wenu wakubwa waoshe vyombo, hawatakufa. Na binti wa kazi aende Misa ya kwanza, ninyi mwende ya pili, kisha apewe saa zake za alasiri asizoulizwa alizifanyia nini. Najua wako watakaochukizwa na maneno haya, na baadhi yao huketi viti vya mbele.

Tena mlinzi mmoja wa usiku ameuliza afanyeje, maana zamu yake huishia Dominika asubuhi, naye hufika kanisani amelewa usingizi. Kanisa humruhusu kuhudhuria Misa ya jioni ya Jumamosi, nayo huhesabiwa kuwa ya Dominika. Ikiwa Jumamosi jioni amekwisha kuingia lindoni, Dominika alale kwanza, aje Misa ya jioni katika parokia ya jirani iliyo nayo. Na juma ambalo zamu haimwachi kabisa, amwone padre, wala asijihesabu kuwa mpotevu, bali achague siku nyingine ya kukaa kimya na Mungu pamoja na watoto wake. Na aje kwangu Jumanne, saa ya mafundisho, na karatasi ya zamu zake, tuitazame pamoja.