Tumeisifu Treni, Bei Je?

Leo sina shairi. Nina ugomvi.

Mwaka 2017, treni mpya ilipoanza safari kati ya Mombasa na Nairobi, nami nilitunga. Beti kumi na mbili, vina vimekaa, mizani haipungui hata moja. Nikaiita treni nyoka wa chuma, nikaiita mkombozi, na katika ubeti wa mwisho nikaipeleka hadi Kampala na Kigali. Nilighani mbele za watu, nikapewa fulana na soda. Wenzangu walioghani siku ile walipewa vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza treni yenyewe ni pesa ngapi.

Haya, tuulize sasa, ingawa tumechelewa. Kipande cha Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, kilitangazwa kuwa kimegharimu shilingi bilioni 327. Gawanya mwenyewe: karibu milioni 690 kwa kila kilomita. Asilimia tisini zilikopwa kutoka benki ya Exim ya Uchina. Kipande cha pili, Nairobi hadi Suswa, kilomita 120 tu, kikala bilioni 150. Hapo kilomita moja imepita bilioni! Mtaniambia kuna mahandaki, kuna daraja refu juu ya mbuga ya Nairobi. Sawa, yapo. Ila mimi naulizia safari. Reli hii tuliambiwa inakwenda wapi?

Mwaka 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana ifike Kampala, kisha Kigali. Hiyo ndiyo hoja iliyotuliza watu walioogopa deni: mizigo ya jirani itasaidia kulipa. Oktoba 2019 ikafika Suswa, ikasimama. Si mjini, si ziwani, si mpakani. Jamani, Suswa na Malaba wapi na wapi? Mzigo wa Kampala ukabaki kutegemea malori na reli ile ile nyembamba ya mkoloni. Uganda nayo ilikuja kutia saini na kampuni ya Kituruki mwaka 2024 ili ijenge kipande chake kutoka Malaba.

Marehemu baba mkubwa alifanya kazi katika Reli za Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Kwake Kampala ilikuwa stesheni, si nchi ya kigeni. Alikuwa akiitaja kama mimi ninavyotaja Mariakani. Sisi wajukuu wa Uhuru tumekopa mabilioni, na bado hatujafika alikokuwa akifika yeye.

Reli ya mkoloni ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901 na Kampala 1931. Simsifu mkoloni, la hasha. Wafanyakazi kama 2,500 walioletwa kutoka India walikufa katika ujenzi ule, na ardhi iliyopitiwa haikuombwa. Ila kuna jambo moja linaniuma kama mtunzi. Kule London zilitoka beti za kuikejeli reli ile na gharama yake, beti zinazohusishwa na mbunge Henry Labouchère. Bwana yule hakuwa mtetezi wetu, alijali kodi ya watu wake. Lakini alishika kalamu akaudhi wakubwa. Sisi ambao deni ni letu tulishika kalamu tukapewa soda.

Na usiniambie, "Ah, mimi sipandi treni, hainihusu." Tangu 2013 bidhaa zinazoingia nchini hutozwa ushuru wa reli, ulioanzia asilimia 1.5. Mama wa Busia ambaye hajaiona treni hiyo kwa macho anailipia anaponunua ndala za ng'ambo. Hata karatasi unayoshika sasa hivi, kama ilipitia bandarini, imeshachangia. Anayepanda naye hakusazwa: nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 700 mwanzoni, Januari 2024 ikawa 1,500. Ukishuka Syokimau bado unatafuta usafiri mwingine wa kukufikisha mjini.

Linalonichoma zaidi ni siri. Mikataba ya mkopo ilitiwa saini 2014. Wananchi tulikuja kuonyeshwa Novemba 2022, na ndani yake mna kifungu cha kutunza siri. Miaka minane! Kwa hiyo siku ile ninaghani "mkombozi, mkombozi", sikujua mkombozi amekopwa kwa masharti gani. Ningeuliza, huenda nisingejibiwa. Lakini sikuuliza.

Mwenzangu mmoja wa kikundi chetu alinikemea juzi: "Bwana, mshairi si mhasibu." Ebo! Nani kataka mhesabu senti? Nendeni Kongowea mkamtazame mama anayenunua nyanya. Anaibonyeza, anainusa, anauliza bei, ndipo akitaka anaisifu. Sisi tulianza na sifa.

Msinielewe vibaya, treni naipenda. Nimeipanda, imenifikisha Nairobi kwa saa tano bila kutikiswa kama basi la usiku, na dirishani nikaona tembo. Dada yangu anayeogopa barabara ya Mombasa haendi kwa njia nyingine. Hayo yaandikwe pia. Lakini yaandikwe na bili yake.

Mhariri, shairi langu la 2017 bado unalo kwenye faili. Naomba unirudishie. Ule ubeti wa mwisho, wa Kigali, nataka kuushusha Suswa.