Tusiisingizie Mvua

Msomaji, watu wakidhurika kwa nafaka iliyoota kuvu, wa kwanza kushtakiwa huwa ni mvua. Husemwa kwamba mbingu hazina mwamuzi, na kwamba ajali haina kinga. Nayapinga maneno haya, kwa kuwa humwachilia mkosaji.

Hapana shaka hali ya hewa ina sehemu yake. Ngano ikinyeshewa mfululizo wakati wa kuchanua, kuvu huingia katika masuke na kutia sumu punje zingali shambani. Mahindi hudhoofishwa na ukame na joto. Kuvu ya aina nyingine hupenya humo, na mvua ikinyesha wakati wa mavuno, hustawi. Lakini adui huyu akikuta nafaka iliyokauka vema, hawezi kuendelea.

Kumbuka mwaka 2004. Katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa sumu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao walifariki. Mahindi mengi yalikuwa yamewekwa akiba yangali na unyevu. Je, mvua ndiyo iliyoyabeba hadi nyumbani? Simlaumu mkulima maskini: mwenye njaa hana subira ya kungoja jua. Namlaumu ajuaye asimfundishe, mfanyabiashara auzaye nafaka mbovu kwa bei nafuu, na mwenye mamlaka asiyempelekea mkulima mashine ya kukaushia.

Wako wasemao kwamba kuosha na kuchemsha kunatosha. Hilo ni kosa liuwalo. Kuvu hufa kwa moto, bali sumu yake hustahimili moto wa sufuria. Wengine husema, "Basi tumpe ng'ombe." Ng'ombe akiila, sumu humfuata mtoto katika maziwa.

Kinga yake si siri. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, punje zilizooza zitengwe na kutupwa, magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta.

Nawe msomaji, utakaporudi kwenu likizoni na kuona mahindi mabichi yakitiwa guniani, usinyamaze kwa kuona haya. Waambie wazee wako kwa adabu, kisha shika turubai uwasaidie kuanika. Mbingu hatuzitawali, lakini ghala ni zetu.