Muulize Aliyekaa Kushoto

Pikapu ya dizeli ikianza kunywa mafuta kupita kiasi, nchi hii ina washukiwa wawili tu: injini na dereva. Injini inapelekwa kwa fundi, dereva anaitwa ofisini. Mtu wa tatu, yule anayekaa kiti cha kushoto na kusema "kanyaga, tunachelewa", haitwi popote. Mimi nadai aitwe. Nina sababu za kifizikia, nina na sababu za haki, na katika jambo hili sioni jinsi ya kuzitenganisha.

Tuchukue gari tunalolijua wote: Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, isiyo na turbo. Injini hiyo ipo tangu mwaka 1990. Imebeba chanjo, mitihani ya taifa, miche ya kahawa na majeneza. Gari lenyewe lina uzito wa zaidi ya tani mbili likiwa tupu, na limeumbwa kama kabati la nguo. Anayetaka linywe kama Vitz hajui alichonunua. Likitunzwa na kuendeshwa kwa utulivu litakwenda kilomita 7 au 8 kwa lita moja. Swali la maana ni nani analishusha hadi 5.

Wa kwanza ni mwendo. Upinzani wa hewa hauongezeki sawa na spidi, unaongezeka kwa kipeo cha pili. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, spidi imeongezeka mara moja na nusu, lakini hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu ya mara mbili na robo. Si kwamba mafuta yote yanaongezeka kwa kiwango hicho, kwa sababu msuguano wa tairi haubadiliki sana. Lakini kwa gari lenye uso wa kabati, hewa ndiyo inayokula sehemu kubwa. Juu yake sisi tunafunga keria tupu, ngao ya chuma, taa sita za mapambo na tairi pana za matope kwa safari ya lami. Halafu tunashangaa.

Utaniambia muda ni mali. Haya, tuuhesabu. Kilomita 240 kwa mwendo wa 80 ni saa tatu, kwa 120 ni saa mbili. Umeokoa saa moja, kwenye karatasi. Barabara zetu si karatasi. Kila kijiji kina kibao cha 50, kina matuta, kina trafiki aliyejibanza na tochi chini ya mwembe. Gari la tani tatu likiwa kwenye 120 limebeba nishati ambayo, ukihesabu hasara za injini, imegharimu kama mililita 150 za dizeli. Likiwa kwenye 80 ni chini ya nusu ya hapo. Ukikanyaga breki mbele ya tuta, nishati hiyo inageuka joto kwenye breki na kupotea. Kisha bosi anasema "twende", na mnaanza kuinunua upya. Ile saa uliyoiokoa imebaki dakika chache, ila mafuta yameondoka yote.

Wa pili ni ubaridi. Pita nje ya ukumbi wowote wenye semina. Magari yamepangwa, injini zinaunguruma, vioo vimepandishwa, ndani hakuna bosi. Yanapoozwa ili atakapotoka asikutane na joto. Injini ya ukubwa huo ikiunguruma bila kutembea inakula takriban lita moja kwa saa, na kiyoyozi kinaongeza. Saa nne mara mbili kwa wiki, kwa wiki 50, ni lita 400. Kwa kilomita 7 kwa lita, hizo ni kilomita 2,800. Ungekwenda nazo kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ukarudi, na tenki bado lina kitu.

Dizeli yote tunayochoma inaingia kwa meli na inalipiwa kwa fedha za kigeni. Juni 2022, bei zilipopaa duniani kote, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja ili kupunguza makali kwenye pampu. Ilitoka kwa muuza nyanya na mwendesha bodaboda. Anayeacha gari la umma likiunguruma nje ya semina anachoma fedha hiyo hiyo ili kiti kiwe baridi.

Badala ya kugusa mambo hayo mawili, tunanunua miujiza. Kuna sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, kuna vidonge vya kutumbukiza kwenye tenki, kuna kidude chenye taa ya kijani cha kuchomeka chini ya usukani. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo na halijapata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiwango cha maana. Kidude cha kuchomeka ndicho kinachonichekesha zaidi. Pikapu yenye pampu ya kimakanika haina kompyuta ya kuendesha mafuta. Kinazungumza na nani humo ndani?

Uongo mwingine hauuzwi, tunapeana bure: kuteremka mlima na gia huru ili kubana mafuta. Mtu anaingia Kitonga na tani moja ya mahindi mgongoni, anatoa gia, anasikia injini imetulia, anaona ameokoa. Ukweli ni kinyume. Ukiteremka na gia na mguu ukiwa nje ya pedali, pampu inakata mafuta, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inahitaji dizeli ili isizimike. Unalipia mafuta ambayo ungeyapata bure, na unabaki na breki peke yake kwenye mlima uliokwisha zika watu wengi.

Kazi ya fundi ipo, wala siidharau, lakini ni fupi na haina siri. Filta ya hewa isafishwe, maana pampu ya zamani haijui kama hewa imepungua. Inamimina dizeli ile ile, na isiyoungua inatoka nyuma kama moshi mweusi. Nozeli zipimwe kwa fundi pampu mwenye mashine, si kwa kukisia. Tairi zijazwe upepo asubuhi zikiwa za baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye gari. Breki zinazoshika zenyewe ziachiwe. Keria ishushwe kama haina mzigo. Ukimaliza orodha hiyo, kilichobaki ni tabia, na hakuna fundi anayetengeneza tabia.

Sasa haki. Niliwahi kutunza vitabu vya magari katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mwezi wa masika, pikapu moja ilishuka kutoka kilomita 7 kwa lita hadi 4 na kidogo. Uongozi haukuuliza gari lilikwenda wapi. Ulimwita dereva, ukamwita mwizi kwa lugha ya adabu, ukamkata mshahara. Nilimwuliza mwenyewe. "Mwanangu," alinijibu, "barabara ilikuwa uji. Siku nzima nipo gia ya kwanza, magurudumu manne yanachimba. Na bosi kasema lazima tufike." Kitabu kilikuwa mbele yetu. Kilikuwa na safu ya kilomita, safu ya lita na safu ya sahihi ya dereva. Hakikuwa na safu ya matope, wala ya mzigo, wala ya saa zilizoungurumwa nje ya mikutano, wala ya aliyeamuru mwendo.

Najua wapo madereva wanaofyonza mafuta kwa mpira usiku. Wapo, na wizi ni wizi. Lakini kitabu kisichotofautisha lita iliyoibwa na lita iliyozama kwenye tope hakimkamati mwizi. Kinamfundisha mwaminifu kwamba uaminifu hauna malipo. Mwizi stadi ataiba mwezi wa kiangazi, wakati wastani ni mzuri na hakuna anayetazama.

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kununua kitu. Gari lipimwe kwa kujaza tenki pomoni, kutembea na kujaza pomoni tena. Kuweka mafuta ya elfu hamsini hakupimi kitu wakati bei inatangazwa upya kila mwezi. Hesabu ilinganishwe kwa safari za aina moja: lami na lami, masika na masika, mzigo na mzigo. Na kitabu kiongezwe safu moja, ya jina na sahihi ya abiria mkuu, pamoja na saa za kuondoka, za kufika na za kusubiri injini ikiwa imewashwa. Gari la wagonjwa lina ruhusa yake ya kukimbia. Gari la kwenda kwenye ufunguzi wa semina halina.

Wewe unayesoma haya una digrii, au unaitafuta. Kuna siku utapewa kiti cha kushoto, ukiwa na kitambulisho shingoni na simu inayoita. Dereva atakuwa na umri wa baba yako na atakuita bosi. Hatakukatalia, kwa sababu ada za watoto wake ziko mkononi mwako. Ukitaka afike haraka, atakanyaga. Siku hiyo toka mapema, mwambie "mzee, twende themanini", na mkifika, mwombe azime injini.