Jina Badala ya Jibu

Mtu ashindwaye kujibu swali anayo njia nyepesi ya kuokoka: humpa mwulizaji jina baya. Akiisha kumwita mchawi, hapana tena haja ya kusikiliza alilouliza. Katika mji wa Nairobi, mwaka wa 1965, jina hilo lilikuwa "mkomunisti". Nataka nikuonyeshe lilivyotumika, kwa kuwa masomo ya shule huupita mwaka ule mbiombio, kama mtu apitaye makaburini usiku.

Kenya haikupata kuwa dola ya kikomunisti hata siku moja. Dola zenyewe zilikuwa mbali, Urusi na China, lakini kivuli chao kilitanda juu ya siasa zote za mwaka ule. Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka miwili. Swali lililokuwapo lilikuwa rahisi kutamka: mali ya walowezi, na hasa ardhi, iwe ya nani? Serikali ilikuwa ikinunua mashamba yao kwa fedha za mkopo, zaidi ya ekari milioni moja, ikayagawa kwa jamaa zipatazo 35,000, nazo zikadaiwa kuyalipia. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Jomo Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, aliuliza kwa nini mtu aliyenyang'anywa ardhi ainunue tena.

Hilo ni swali, nalo laweza kujibiwa. Waweza kusema kwamba hazina haina kitu, au kwamba mapatano hayavunjwi, au kwamba shamba la bure hulimwa kizembe. Mimi siyakubali majibu hayo yote, lakini ni majibu. Je, Kaggia alijibiwaje? Mwezi wa Aprili 1965, huko Kandara, mbele ya watu waliomchagua, Rais alimwuliza amejifanyia nini mwenyewe, akamlinganisha na wenziwe wa gerezani waliokwisha kujipatia mali. Yaani umaskini wake ulifanywa ushahidi dhidi ya hoja yake! Lau angalikuwa tajiri, labda angalisikilizwa.

Kandara palikuwa na maneno tu. Huko Westlands, magharibi ya Nairobi, tarehe 24 Februari mwaka ule ule, palikuwa na risasi. Pio Gama Pinto, mbunge, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Goa, aliuawa langoni pa nyumba yake, yumo garini pamoja na binti yake mdogo. Alikuwa na umri wa miaka 37. Wakoloni walikuwa wamemweka kizuizini katika kisiwa cha Manda kwa kuwasaidia wapigania uhuru. Alikuwa mjamaa asiyejificha, na watesi wake walimwita mkomunisti. Kijana mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, akakaa gerezani hadi mwaka 2001, naye alikana siku zote kwamba ndiye aliyeua. Hakuna mwingine aliyehukumiwa. Sisemi ni nani aliyetuma risasi ile. Nasema kwamba mtu akiisha kuitwa adui wa nchi kwa muda mrefu, siku ya kufa kwake wengi huinua mabega, wakaenda zao.

Sasa tazama kinyume kilichomo. Mwaka huo huo serikali ilileta Bungeni Waraka Namba 10, uliotoka katika wizara ya Tom Mboya, na jina lake ni Ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Ujamaa! Neno lililokuwa sifa juu ya jalada la serikali lilikuwa hatia kinywani mwa mbunge.

Nisikufiche upande wa pili. Woga wa ukomunisti haukuzuka hewani. Mwezi wa Aprili meli ya Kirusi, Fizik Lebedev, ilifika Mombasa na silaha, na serikali ikazikataa. Chuo cha Lumumba, kilichofunguliwa Desemba 1964 kwa msaada wa nchi za kikomunisti, kilitoa wanafunzi ambao mwezi wa Julai waliingia kwa nguvu katika ofisi kuu ya KANU, wakatangaza viongozi wapya. Serikali yoyote ingaliwakamata. Tena waliosifu Moscow hawakupenda kuulizwa habari za Budapest, ambako mwaka 1956 vifaru vya Kirusi viliwaponda raia waliodai uhuru wao. Naam, yote hayo ni kweli. Lakini shehena ya meli haijibu swali la shamba.

Ikiwa wataka kujua hoja hupingwaje kwa hoja, utafute maandishi ya Barack Obama, mtaalamu wa uchumi, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Mwezi wa Julai 1965, katika jarida la East Africa Journal la hapa Nairobi, aliukosoa Waraka Namba 10 kwa jina lake mwenyewe. Aliuliza Uafrika wa ujamaa huo uko wapi, na mali itazuiwaje isirundikane mikononi mwa wachache. Hakumtukana mtu.

Katika waraka huo isome aya ya 133. Yasema kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, na kwamba jambo hilo litazifaa sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na nguvu za umeme. Waraka uliahidi kwamba faida itawafikia wengine baadaye. Ukitoka Turkana, au Wajir, au Tana River, wewe msomaji, wajua "baadaye" hiyo ilikuwa na urefu gani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 204, iliamuru nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya taifa itengwe kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Miaka 45 imo kati ya aya ile na kifungu hiki, na wala hatusikii kifungu hiki kikiitwa cha kikomunisti.